Dakika Tatu, Mnaendelea?

"Basi chagua," nilimwambia Zubeiri. "Arusha au mimi."

Nilimwambia hivyo sebuleni kwa shangazi yangu Mastura, Mabawa ya Tanga, Jumapili baada ya alasiri, mlango ukiwa wazi kama desturi inavyotaka. Tulikuwa wachumba wa miezi minne. Kwetu msichana akishaposwa hamfuati mchumba wake popote, wala hakai naye peke yao. Mwanamume ndiye anayekuja, anakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, na mtu mzima anakuwa chumba cha pili akikohoa mara kwa mara ili wasisahau kwamba yupo. Siku ile shangazi alikuwa anakohoa vizuri sana.

"Mboni, ni mkutano," akasema Zubeiri. "Mkutano wa miti ya mijini. Mabwana miti wa miji yote watakuwapo. Hata nikitaka kufanya uhuni nitaufanyia wapi, juu ya mti?"

"Usinichekeshe."

"Sikuchekeshi."

"Na huyu je?"

Nikamwonyesha picha aliyoileta mwenyewe, masikini, akidhani atanifurahisha. Lilikuwa darasa lake la chuo cha misitu, wanaume kumi na wanane na wanawake watatu, wamesimama mbele ya misonobari. Mmoja wa wale wanawake, mrefu, mwenye mwanya, alikuwa ameweka mkono begani kwa mchumba wangu. Mabega yote yale yalikuwapo, akachagua lile ambalo mimi mwenyewe nilikuwa sijaligusa.

"Huyo ni Beatrisi, nimeshakwambia. Mbondei wa Muheza, siku hizi yuko Arusha. Ndiye katibu wa mkutano."

"Na ndiye aliyekuandikia barua."

"Amewaandikia wote."

"Na wote amewaandikia kwamba amewawekea kiti pembeni yake kama zamani?"

Shangazi akakohoa.

Sitajisifu wala sitajificha, mimi nina wivu. Wengine huzaliwa na alama ya kuzaliwa, mimi nilizaliwa na wivu, na hakuna aliyenifundisha. Nilipokuwa mdogo nilimng'ata mtoto wa jirani kwa sababu shangazi alimsuka yeye kwanza. Sasa nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nina kazi, nina mchumba ambaye akicheka kifua changu kinajaa, na kuna mwanamke Arusha mwenye mwanya anamwekea kiti.

"Soma ukurasa wa pili wa barua," nikamwambia.

"Nimeusoma."

"Usome tena, kwa sauti."

Akasoma. Kwa kuwa petroli ilikuwa ya shida na mabasi hayaaminiki, mjumbe asiyeweza kufika angeruhusiwa kuzungumza kwa simu. Sauti yake ingetolewa kwa vipaza sauti ukumbini, siku ya Jumatano, kuanzia saa nne asubuhi.

"Unaona? Wamekupa njia," nikasema.

"Hiyo ni njia ya watu wa Kigoma na Mtwara, Mboni, watu wa mwisho wa dunia. Mtu wa Tanga akipanda basi alfajiri, jioni yuko Arusha."

"Maneno ni yale yale, ukiyasema huku au ukiyasema kule."

"Si yale yale." Akasogea mbele ya kiti. Zubeiri hakuwa mtu wa kupandisha sauti, lakini akizungumzia miti macho yake hufunguka, na ndivyo nilivyompenda. "Mti hauelezwi kwa simu. Nina magome, nina majani, nina kipande cha ule mkungu uliokufa karibu na bandari, nataka wakishike kwa mikono yao waone ulivyokufa. Halafu mambo ya mkutano hayaamuliwi ukumbini. Yanaamuliwa kwenye chai. Mtu anakuvuta kando, anakwambia, hebu bwana, hiyo miche yako unaimwagiliaje? Ukimjibu vizuri, kesho yake anakunyooshea mkono. Kwenye simu hakuna chai."

"Ndiyo chai hiyo ninayoiogopa."

Akaniangalia. Aliniangalia kwa muda mrefu kuliko ruhusa ya nyumba ile, nami sikushusha macho. Nilijua ninachomwomba. Mkutano ule ungechagua mji mmoja wa mfano, na mji huo ungepata pampu, mabomba na miche ya kupanda kila mtaa. Bustani yake ya miche kule Pongwe ilikuwa na pampu iliyokufa mwaka mzima. Viriba vya plastiki havikupatikana, kwa hiyo alikuwa anapanda mbegu kwenye maganda ya migomba na kumwagilia kwa ndoo. Alikuwa ameihesabu mitaa yote ya Mabawa isiyo na kivuli, mmoja mmoja, kwa miguu. Kazi ya miaka miwili.

"Nikipiga simu utaridhika?" akauliza.

"Nitaridhika."

"Basi nitapiga simu."

Akaondoka bila kumaliza kahawa. Picha akaisahau mezani. Nikaichukua nikaiweka chini ya godoro langu, upande wa miguu.

*

Shangazi alitoka chumbani akiwa anatafuta mtandio wake, au anajifanya anautafuta.

"We mwana," akaniambia, "mwanamume hafungwi kamba ya mbuzi."

"Sikumfunga, shangazi. Ameamua mwenyewe."

"N'lisikia alivyoamua." Akakaa kwenye kiti alichotoka Zubeiri, akainywa ile kahawa iliyobaki. "Na mama yake akijua je? Bi Hafsa hakutaki, wajua hilo. Yuatafuta neno tu la kukutupia."

Nilijua. Bi Hafsa alikuwa amekubali posa kwa shingo upande, na sababu yake ilikuwa kazi yangu. Mimi nilikuwa opereta wa simu pale Posta ya Tanga. Mwanangu ataoa vipi, alisema mbele ya watu, mwanamke ambaye sauti yake inajulikana na wanaume wa mji mzima? Maneno yale yaliletwa kwangu yakiwa bado ya moto.

Lakini sauti hiyo ndiyo iliyomleta mwanawe. Zubeiri alikuwa akipiga kila asubuhi kutoka bustanini, "Posta, nipe Muheza," mahali alipokuwa akipata mbegu. Mwezi mzima nikampa Muheza. Siku moja akasema, "Posta, leo sitaki Muheza. Nataka nikuulize wewe jina lako." Nikamwambia hilo halimo kwenye kazi yangu. Kesho yake akapiga tena. Siku ya kumi na moja nikamtajia jina, na hata uso wake nilikuwa sijauona. Alipokuja dirishani kununua stempu asizozihitaji nilimtambua kabla hajamaliza kusema shikamoo kwa mzee aliyekuwa mbele yake.

Kwa hiyo usinishangae kwamba niliitegemea simu. Niliijua. Kwenye simu hakuna mwanya wala bega, na kila neno la mchumba wangu lingepita mkononi mwangu kabla ya kufika kwa mwanamke yeyote.

*

Jumatano, saa nne kasoro dakika tano, taa ya Pongwe ikawaka kwenye swichibodi yangu.

"Mboni, ni mimi."

"Najua."

"Nipe Arusha. Mikono inanitoka jasho. Niombee."

"Nimeshakuombea," nikasema, na ilikuwa kweli. Niliomba azungumze vizuri, wakubali, na yule mwanamke apatwe na mafua asiweze kufika ukumbini.

Nikachomeka waya wa Korogwe, maana simu zetu za Arusha zilipitia kule. Opereta wa Korogwe alikuwa kijana anayeitwa Msafiri. Miaka mitatu tumefanya kazi pamoja na hatujawahi kuonana. Nilijua tu kwamba mkewe amejifungua pacha, kwa sababu asubuhi alikuwa anapiga miayo sikioni mwangu.

"Korogwe."

"Msafiri, nipe Arusha, ile namba ya mkutano."

"Kwa heshima yako, dada Tanga."

Ikaita mara mbili. Ikapokewa.

"Tanga? Zubeiri? Ni wewe kweli?"

Nilikuwa nimejiandaa kusikia sauti nyembamba ya maringo. Hii ilikuwa sauti nzito, tulivu, sauti ya mwanamke anayejiamini, na ndani yake mlikuwa na kicheko kilichojikalia tu kikisubiri. Hedifoni ikanibana masikio.

"Ni mimi, Beatrisi. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Kiti chako kiko kitupu, nimemkatalia bwana miti wa Mwanza asikikalie. Umeshindwa kuja, au umezuiwa?"

"Nimeshindwa," akasema Zubeiri.

Alinikinga. Mwanamke mwenye akili zake angeshukuru pale pale. Mimi nilisikia tu jinsi alivyolisema neno lile kwa upole, na upole huo ulikuwa unakwenda Arusha.

Sasa, sheria ya kazi yetu ni moja. Ukishaunganisha watu, ukahakikisha wanasikilizana, unarudisha swichi ya kusikilizia na unatoka kwenye laini. Unarudi tu kila baada ya dakika tatu kuuliza kama wanaendelea. Miaka mitatu nilikuwa nimeifuata sheria hiyo. Nilipitisha habari za misiba na harusi, za wafanyabiashara na wake za watu, na sikusikiliza hata moja.

Siku ile sikurudisha swichi.

Zubeiri akaanza kuzungumza, na naapa alizungumza vizuri. Aliwaeleza hali ya Mabawa saa saba mchana, wanawake wakipanga foleni ya maji juani na watoto migongoni. Aliwaeleza habari za mivinje ya ufukweni inayokatwa kwa kuni, na mwarobaini unaostahimili ukame na chumvi ukizungushiwa miiba kuzuia mbuzi. Alisema mji hauhitaji msitu, unahitaji kivuli kila hatua hamsini, ili mwanamke mjamzito aweze kufika zahanati. Sikujua kama aliwahi kufikiria mwanamke mjamzito. Machozi yalinilenga.

"Dakika tatu, mnaendelea?" nikasema.

Ukumbi mzima ukacheka. Niliwasikia.

"Tunaendelea, dada, asante," akasema Beatrisi.

Dada. Nikakaza meno.

Wakamuuliza maswali, naye akajibu. Kila swali Beatrisi ndiye aliyelisoma, na kila akilisoma aliongeza neno lake, "Hili wewe unalijua, Zubeiri," "Hili ulikuwa unabishana na mwalimu, unakumbuka?" Naye alikumbuka. Walikuwa na mambo mengi ya kukumbuka, wale watu wawili.

"Dakika sita! Mnaendelea?"

"Tunaendelea."

"Dakika tisa! Mnaendelea?"

"Mboni," Zubeiri akanong'ona, "pole pole."

Halafu nikamsikia mzee mmoja, mwenyekiti wao, akisema kwamba wajumbe wanapumzika kidogo kushauriana. Tanga asikate simu. Wakirudi watamuuliza swali moja la mwisho, kama mji wake uko tayari kupokea mradi na kuanza mvua hizi, na jibu lake wataliandika. Kipaza sauti kikazimwa. Beatrisi akachukua mkono wa simu, sauti yake ikanijia karibu kabisa.

"Haya, sasa tuko wawili."

Tulikuwa watatu.

"Umewashika," akamwambia. "Nimeziona nyuso zao. Ungekuwa hapa ningekuminya mkono mpaka upige kelele."

Na Zubeiri akacheka. Kicheko kile cha chini, kinachoanza kabla mdomo haujafunguka, nilichoamini kwamba amekigundua siku aliyojua jina langu. Kumbe kilikuwapo toka zamani na wengine walishakitumia.

"Nina jambo la kukuuliza," akasema Beatrisi. "La faragha. Nilitaka nikuulize ana kwa ana, ndiyo maana nilikuwekea kiti, sasa umeninyima. Yule binti uliyemposa—"

Nikachomoa waya.

Sikuamua. Mkono wangu ulikwenda wenyewe, ukachomoa, na waya ukaniangukia mapajani. Taa ya Korogwe ikazimika. Ya Pongwe ikaanza kuwaka na kuzimika, kuwaka na kuzimika.

"Mboni! Imekatika!"

"Naona."

"Irudishe haraka, wataniuliza sasa hivi!"

"Tatizo liko Korogwe," nikasema. "Laini imekufa."

Ukiniuliza leo kama nilijua ninachofanya, sitakudanganya wewe pia. Nilijua. Nilikaa dakika kumi na tano na waya mapajani, nikijiambia ngoja kwanza apoe huyo mwanamke, ngoja asahau alichotaka kuuliza. Msafiri alinipigia mwenyewe.

"Dada Tanga, kwangu laini nzima. Nimeijaribu."

"Kwangu sivyo ninavyoona," nikamjibu.

Nilipounganisha tena, Arusha ilipokewa na mpishi. Wajumbe walikuwa wamelifunga suala la Tanga na kwenda kunywa chai.

*

Saa saba na nusu ujumbe ukaja kutoka Arusha, wa kumsomea bwana miti wa Pongwe. Nikauandika kwa mkono wangu na nikampigia, kwa sababu ndiyo kazi yangu.

"Tanga haikujibu," nikamsomea. "Wajumbe wamependekeza mji mwingine. Uamuzi wa mwisho ni Ijumaa. Nasikitika sana. Beatrisi."

Nyuma yake nilisikia mtu akimwaga maji kwenye ndoo.

"Basi," akasema. "Asante, Mboni. Si kosa lako."

Angenitukana ingekuwa nafuu. Nikafungua mdomo. Maneno yote yalikuwapo, nilishayapanga, nilikuwa nimebakiza kuyatoa tu. Mimi, ninayezungumza na watu mia kwa siku, sikuweza.

"Mboni? Mbona kimya? Imekatika tena?"

"Ndiyo," nikasema, na nikaikata.

Msimamizi wetu, Mama Anjela, alikuwa amesimama nyuma yangu na kitabu cha hitilafu. Alikuwa mama wa makamo, mkali, mwenye miwani iliyofungwa uzi.

"Arusha wamelalamika," akasema. "Korogwe tena. Huyu Msafiri ana maonyo mawili tayari, hili la tatu linamtoa kazini. Wewe ndiye uliyekuwa kwenye laini, niandikie hapa ilikatikia wapi, utie sahihi."

Nikachukua kalamu. Nikaandika tarehe. Nikaandika saa. Nikamsikia Msafiri akipiga miayo, ingawa hedifoni zilikuwa mezani.

"Mama Anjela, haikukatikia Korogwe."

"Ilikatikia wapi?"

"Hapa. Nimeikata mimi."

Akavua miwani. "Kwa bahati mbaya?"

"Kwa wivu."

Sijui alitegemea neno gani, ila hilo hakulitegemea. Akanitazama, akautazama ule waya, akakaa.

"Ulikuwa unasikiliza," akasema.

"Nilikuwa nasikiliza."

"Andika hivyo hivyo." Nikaandika. Alisubiri nimalize, akakisoma, akakifunga kitabu. "Inuka hapo, Mboni. Nenda nyumbani. Wakubwa wakiamua nitakuita, na sijui watakuitia nini."

Nikachukua khanga yangu. Mlangoni nilisimama. Ningeweza kwenda dirishani, niandikishe simu ya Pongwe kama mteja yeyote, nimwambie Zubeiri nikiwa nimefumba macho ndani ya kibanda. Nikakitazama kile kibanda. Kisha nikatoka nikaenda kusimamisha lori la chokaa linalorudi Pongwe.

*

Alikuwa katikati ya matuta ya miche, suruali imekunjwa hadi magotini, na ndoo mkononi. Aliponiona hakunitazama mimi kwanza. Alitazama nyuma yangu.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Mboni! Watu wataona."

"Waone."

Akaitua ndoo. Vumbi la chokaa lilikuwa limenijaa hadi kwenye kope, na viatu vyangu vya mitumba, nilivyovinunua kwa ajili ya kupendeza, vilikuwa vimekatika kamba. Sikuwahi kusimama karibu naye namna ile. Alikuwa ananuka samadi na jasho.

"Kuna msiba?" akauliza.

"Laini haikukatikia Korogwe. Niliichomoa mimi."

Hakuelewa. Nikaona haelewi, ikanibidi nirudie, na mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Nikamweleza yote, swichi ambayo sikuirudisha, kicheko, mkono wangu, zile dakika kumi na tano. Sikujipamba. Alisikiliza akiwa amekishika kimche cha mwarobaini alichokuwa anakihamisha, na nilipomaliza alikuwa amekivunja.

"Uliniomba nisiende, sikwenda," akasema. "Ukasema simu inatosha. Nikakubali. Hata simu hukuniachia?"

"Alisema mko wawili."

"Alimaanisha kipaza sauti kimezimwa!"

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akipandisha sauti. Ndege waliruka.

"Alitaka kukuuliza nini?" nikasema. Nisamehe, lakini nilisema. Hata pale.

Akacheka, si kile kicheko changu. "Unaniuliza mimi? Sijui, Mboni. Ulikata."

Mbali kidogo mfanyakazi wake alikuwa anajifanya hatuoni.

"Unajua mama yangu ananiambia nini kila siku?" akasema, sauti imeshuka. "Kila asubuhi na chai. Mwanamke wa simu. Leo amezungumza na wanaume wangapi? Nani anamchekesha huko? Unajua huwa namjibu nini?"

"Hukuwahi kuniambia."

"Nikwambie ili iweje? Namjibu, mama, ile ni kazi yake na namwamini. Basi. Miezi minne jibu langu ni hilo moja, na yeye hulipinga, nami hulirudia. Sikuwahi kukuuliza jina la mtu hata mmoja. Unafikiri mimi sina wivu?" Akajipiga kifua kwa mkono wenye udongo. "Ninao. Kila nikikuta laini yako inatumika ninao. Naumeza."

Ningependa kukuambia kwamba nilimshika mkono. Sikumshika. Nililia tu, na vumbi likafanya matope usoni, na nilijua sina uzuri wowote.

"Msafiri wa Korogwe atafukuzwa?" akauliza baadaye.

"Hapana. Nimeandika jina langu. Mama Anjela ameniondoa kwenye swichibodi."

Hilo lilimgusa, nikaona. Akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu nifike, akatazama na vile viatu. Lakini hakusogea.

"Uamuzi ni Ijumaa," akasema. "Napanda basi kesho alfajiri. Nakwenda na magome yangu na kipande cha mkungu, niwaombe wanisikilize, hata kwenye chai. Siombi ruhusa yako, Mboni. Nakuarifu."

"Nenda."

"Na Beatrisi nitamuuliza alitaka kusema nini. Ana kwa ana."

Wivu wangu ukarudi, ule ule, haukupungua hata chembe. Nikamwona ameketi kwenye kile kiti. Nikauona ule mwanya.

"Muulize," nikasema, na neno lile lilinitoka kama jino.

"Na sisi je?" akasema. Ndiyo, ni yeye aliyesema. Mimi nisingethubutu.

"Wewe ndiye wa kusema."

Akainama, akaokota kile kimche kilichovunjika, akakigeuza mkononi. Jua lilikuwa linaingia kati ya vivuli vya miche midogo, na miche ile haikutosha kumfunika hata magoti. Nilisubiri. Niliposubiri mahari yangu iletwe haikuwa hivi. Niliposubiri matokeo ya kidato cha nne haikuwa hivi.

"Sijui," akasema mwishowe. "Wallahi sijui, Mboni. Nina hasira na wewe na nataka kukufuta uso, vyote kwa pamoja. Acha niende. Nikifika, nikishatulia, nitakupigia simu Ijumaa nikupe jibu."

"Hapana."

"Hapana nini?"

"Usinipigie," nikamwambia. "Jibu lako sitaki linifikie kwa waya. Panda basi uniletee mwenyewe, Mabawa, mbele ya shangazi, nikiwa nakuona usoni, hata likiwa la kunikataa."